Wamormoni wanaohama kanisa bila kuacha dini ya wazazi

Kwa wakaaji wengi wa Lubumbashi, neno «Mormoni» linaleta picha ya vijana wanaotembea wawili wawili, shati nyeupe na tai shingoni, wakigonga milango. Kanisa lao, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lilifungua hekalu Kinshasa tarehe 14 mwezi wa nne 2019. Mwaka uliofuata likatangaza kwamba Lubumbashi pia itajengewa la kwake.

Lakini Wamormoni wana kanisa ndugu, dogo sana, lenye waamini pia humu Kongo. Linaitwa Communauté du Christ. Humo mwanamke anaweza kubariki meza ya Bwana, wala hakuna anayelazimishwa kusadiki kwamba Kitabu cha Mormoni ni historia iliyotokea kweli. Huko Marekani na Kanada, Wamormoni kadhaa waliochoka na kanisa kubwa wamehamia huko.

Mmoja wao ni mwanahistoria John Hamer. Alilelewa katika kanisa lenye makao yake Salt Lake City, akaliacha, kisha mwaka 2010 akajiunga na Communauté du Christ na baadaye akawa mchungaji wake mjini Toronto. Si miujiza iliyomvuta. Kabla ya kujiunga alikuwa akichunguza namna Wamormoni walivyogawanyika, na mwaka 2007 yeye na mwenzake Newell Bringhurst walitoa kitabu kizima juu ya mafarakano hayo. Kwetu, anayehama kanisa mara nyingi anakwenda kule kwenye masharti makali zaidi, mifungo mirefu zaidi, mikesha zaidi. Hawa wanakwenda upande wa pili.

Chanzo cha mgawanyiko ni kifo. Mwaka 1844 nabii Joseph Smith aliuawa na kundi la watu wenye silaha katika jela ya Carthage, jimbo la Illinois. Wengi walimfuata Brigham Young hadi Utah, na huko kanisa likahalalisha hadharani ndoa ya wake wengi. Mjane wake, Emma, alibaki Illinois na watoto. Tarehe 6 mwezi wa nne 1860, waliokataa kumfuata Young walimsimika mtoto wake, Joseph Smith wa Tatu, awe kiongozi wao.

Tangu hapo kila upande ulishika njia yake. Kanisa la mtoto wa nabii liliruhusu ukuhani kwa watu weusi mwaka 1865. Lile la Utah lilingoja hadi 1978, miaka 113 baadaye. Kwa msomaji wa Afrika hiyo si tofauti ndogo. Mwaka 1984 kanisa dogo likafungulia wanawake ukuhani, na maelfu ya waamini wake wakaondoka kwa hasira. Hata juu ya wake wengi, ambao lilikuwa limewapinga tangu mwanzo, mwaka 1972 lilikubali kubatiza watu wa jamii zenye mila hiyo, bila kuwalazimisha kufukuza wake waliokwisha kuoa, ilimradi wasiongeze wengine.

Anayehama analipa kwa jamaa yake. Katika kanisa kubwa, ndoa inafungwa hekaluni kwa ajili ya maisha haya na umilele, na watoto wanahesabiwa kuwa wameunganishwa na wazazi hata baada ya kifo. Kwa hiyo anayetoka, machoni pa mama yake, amekata mnyororo wa ukoo mzima. Jambo lingine linaonekana mapema zaidi: asiye na kibali haingii hekaluni, hata kama anayeoa ndani ni mtoto wake. Anangoja nje.

Mwezi wa kumi na moja 2015 kanisa hilo liliamua kwamba watoto wanaolelewa na wazazi wawili wa jinsia moja wasibatizwe. Uamuzi huo ulifutwa mwezi wa nne 2019, lakini tayari ulikuwa umewaumiza wengi. Communauté du Christ ya Marekani ilikuwa imechagua kinyume mwaka 2013. Uamuzi wake, hata hivyo, hauwafungi waamini wa Afrika, maana katika jambo hilo kanisa linaacha kila nchi iamue lenyewe.

Wanaofika hawakuti utajiri. Mwaka 2024 kanisa dogo liliuzia kanisa kubwa hekalu la Kirtland, la kwanza kabisa la Wamormoni, pamoja na majengo na hati nyingine za zamani, kwa dola milioni 192.5. Waliopenda kanisa hili kwa sababu ya historia yake waliona sehemu ya historia hiyo ikirudi mikononi mwa wale waliowaacha. Mwaka uliofuata Stassi Cramm alisimikwa kuwa rais wa kanisa, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho.

Kuingia si kazi ngumu. Mormoni hubatizwa kwa kuzamishwa majini akiwa na umri wa miaka minane, na tangu 2010 Communauté du Christ inakubali ubatizo wa namna hiyo kutoka makanisa mengine ya Kikristo. Mgeni anawekewa mikono tu. Lakini yule aliyejiondoa rasmi katika kanisa kubwa, siku akitaka kurudi kwa jamaa yake, anapaswa kubatizwa upya.