Msaada Unaopangwa Kuondolewa: Namna Mwalimu Anavyomwandaa Mwanafunzi Kufanya Kazi Peke Yake

Wajumbe wa kamati za sharika wanapotembelea shule za katikati ya jiji la Dar es Salaam huuliza mambo yanayohesabika: madawati ni mangapi, vitabu vimefika, matundu ya vyoo yanatosha? Ni maswali ya haki, hasa baada ya Serikali kuanza kutoa elimu bila ada kuanzia Januari 2016 na madarasa ya mjini kufurika. Hata hivyo, lipo jambo lisilohesabika ambalo kwa kiasi kikubwa huamua kama mtoto ataondoka na elimu au na daftari lililojaa tu. Jambo hilo ni namna mwalimu anavyopanga kumsaidia mwanafunzi, na namna anavyopanga kuuondoa msaada huo.

Anayepita mitaa ya Kariakoo ataelewa haraka. Ghorofa linapojengwa, zege bichi hushikiliwa na mirunda. Likishakomaa, mirunda hutolewa na kupelekwa kwenye jengo jingine. Ikitolewa mapema, zege huanguka. Isipotolewa kabisa, hakuna anayeweza kuhamia.

Mfano wa jukwaa la ujenzi uliingia katika taaluma ya elimu mwaka 1976, kupitia watafiti David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross. Walichunguza watoto 30 wenye umri wa miaka 3 hadi 5 wakisaidiwa kujenga piramidi ya vipande 21 vya mbao. Wadogo walihitaji kuvutwa kwenye kazi na kuonyeshwa. Waliowazidi umri walihitaji kuelekezwa kwa maneno. Wakubwa walitaka tu kuhakikishiwa kwamba wamepatia. Mafundi wetu wa Gerezani hawajasoma utafiti huo, lakini ndivyo wanavyofundisha: kijana huanza kwa kushika spana, kisha hufungua boliti fundi akimwangalia, mwishowe huachiwa kazi ndogo aimalize mwenyewe. Hakuna fundi anayemwandikia kijana ubaoni anakili.

Darasani mpango huu unahitaji vipindi kadhaa. Tuchukue somo la Hisabati, mada ya faida na hasara, ambayo watoto wa Kariakoo wanaiishi kila siku. Tenga la nyanya limenunuliwa kwa shilingi 30,000 na usafiri umegharimu 3,000. Mfanyabiashara amepata mafungu 80 ya shilingi 500 kila moja, lakini mafungu 12 yameoza. Je, amepata faida au hasara?

Kipindi cha kwanza mwalimu hukokotoa mwenyewe huku akifikiri kwa sauti. "Nimetumia kiasi gani? Ngoja, usafiri nao ni fedha yangu." Anafika 33,000. Mafungu yaliyouzwa ni 68, mauzo ni 34,000, faida ni 1,000 tu. Wanafunzi wanasikia jinsi mtu mzima anavyosita na kujisahihisha, jambo ambalo jibu lililoandikwa ubaoni haliwaonyeshi. Kipindi cha pili swali jipya linakokotolewa kwa pamoja, mwalimu akiacha nafasi wazi na darasa likizijaza. Cha tatu wanafanya wawili wawili, wakiwa na kadi ya manila yenye maswali matatu: nimetumia jumla gani, nimepata jumla gani, tofauti ni ipi? Kipindi cha nne kadi zinakusanywa. Kila mwanafunzi anakokotoa peke yake, kisha anatunga swali lake la sokoni. Atakayeleta jibu la 4,000 kwa lile tenga la nyanya amesahau usafiri. Huyo anarudishiwa kadi, wala si adhabu.

Ugumu uko hapo kwenye kuikusanya kadi. Walimu wengi wana moyo wa kusaidia, na msaada hauishi: swali likiwa gumu mwalimu anatoa jibu, darasa linanakili, kipindi cha dakika 40 kinakwisha kwa amani. Sisi wa miradi tusiwacheke, maana tunajua idadi ya miradi iliyoandikiwa mpango wa kuanza bila mpango wa kukabidhi.

Mjumbe asiye mwalimu anaweza kuliona hili kwa urahisi. Aombe, kwa heshima na kwa kupitia mwalimu mkuu, kuona maandalio ya somo ya wiki moja. Humo kuna safu ya shughuli za mwalimu na safu ya shughuli za mwanafunzi. Kama mpango upo, safu ya mwalimu hupungua kadiri mada inavyoendelea, na ile ya mwanafunzi huongezeka. Kama siku zote mwalimu "anaeleza" na mwanafunzi "anasikiliza na kunakili", mirunda haijaguswa. Elimu ya Kujitegemea, ambayo Mwalimu Nyerere aliieleza Machi 1967, wengi tunaikumbuka kwa jembe na shamba la shule, lakini ilidai pia mwanafunzi mwenye akili ya kuhoji.

Wingi wa wanafunzi ni kikwazo cha kweli. Serikali imelenga mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 katika shule ya msingi, na madarasa mengi ya mjini yamevuka hapo mbali. Mwalimu hawezi kumfikia kila mmoja, kwa hiyo kazi ya wawili wawili na kadi inayowasemesha badala yake zina thamani kubwa kuliko katika darasa dogo.

Kidato cha Kwanza msaada wa aina hii huhitajika upya, kwa sababu lugha ya kufundishia katika shule za serikali hubadilika kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Mtoto aliyejua kueleza faida na hasara hunyamaza ghafla. Hapo mwalimu huanza na sentensi zenye mapengo, kisha mwanzo wa sentensi tu, kisha ukurasa mtupu.

Kwa wafadhili wanaouliza gharama: manila, kalamu za wino mzito na mkasi si fedha nyingi. Kinachohitaji fungu ni muda wa walimu kukaa pamoja, angalau siku moja mwanzoni mwa muhula, kupanga mada mbili au tatu kwa namna hii, na nusu siku kabla ya likizo kuangalia ni kadi zipi zilikusanywa na zipi bado ziko mikononi mwa watoto.