Kwa nini tapeli hapigi hesabu?

Toa kalkuleta ya simu, uzidishe 641 kwa 6,700,417. Umepata 4,294,967,297, sivyo? Rahisi tu. Sasa geuza swali: ungepewa jibu hilo pekee, ungejuaje lilitoka wapi? Mwaka 1640 Fermat, mwanasheria Mfaransa aliyependa sana hesabu, aliamini hiyo ni namba tasa, yaani haigawanyiki kwa nyingine ila 1 na yenyewe. Euler ndiye aliyeigundua ile 641, mwaka 1732!

Na hizo ni tarakimu 10 tu. Kufuli nyingi za intaneti hutumia zao la namba tasa mbili lenye tarakimu 617. Kuligawa tena, hata kompyuta kubwa hushindwa. Ndiyo maana tapeli hukupigia simu, akuombe PIN.