Mgeni Mwisho Wake Daka

Baada ya sala ya Alasiri, katika mtaa wa Kaloleni mjini Kisumu, mjukuu wangu wa miaka saba alinibusu mkono, akanivuta kanzu, akaniambia, "Babu, njoo nikuoneshe msikiti wangu."

Nalidhani atanipeleka msikiti wa mtaani. Kumbe msikiti wenyewe umo ndani ya kioo. Aliketi juu ya jamvi, tabuleti ya mamake mapajani, na kwa kidole kimoja akaniingiza mlangoni. Kuta za mawe ya rangi ya mchanga, mnara mmoja uliozidi urefu, zulia jekundu, taa zimetundikwa. Hata pa kutawadhia alipafanya, na maji yanatiririka. Nikatafuta mihrabu, sikuiona. Nikamwuliza, "Kibla chako kiko upande gani?" Akanyamaza. Hilo hakuwa amelifikiri.

Wasomaji wangu, mimi nalikuwa miongoni mwa wale wasemao barazani kwamba mtoto aliyeinamia kioo ni mtoto aliyekwisha potea. Lakini swali la kibla likanikalisha chini, na magoti yangu haya. Nikamwuliza kama huko kwake jua hutoka. Hutoka, akasema. Basi tukalingoja, nalo likachomoza mashariki kama la Mola lichomozavyo. Tukaliweka mkono wa kulia, uso ukawa kaskazini. Kwetu Mombasa huko ndiko Makka iliko, kaskazini hasa, hata wazee wetu wakalifanya neno kibla kuwa jina la kaskazini. Hapa Kisumu huelekea mashariki kidogo. Bwana mdogo akabomoa ukuta mmoja, akaanza mihrabu.

Mamake, ambaye ni binti wa dada yangu aliyeolewa huku, alikuwa anachambua mchele anatusikiliza. Akatabasamu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mjomba, usimwone ametulia hivi. Mchezo huu ulitaka kunitoa roho."

Kabla ya kisa chake, wacha nieleze mchezo wenyewe, maana wengi wetu tunauona mikononi mwa watoto tusiujue. Unaitwa Minecraft. Aliubuni Mswidi mmoja, Markus Persson, mwaka 2009, ukatoka kamili 2011, na 2014 Microsoft ikainunua Mojang, kampuni iliyoutengeneza, kwa dola bilioni 2.5. Kufikia 2023 nakala zaidi ya milioni 300 zilikuwa zimeuzwa. Ni ulimwengu wa vipande vya mraba: udongo, mawe, mbao, maji. Mtoto huvunja na kupanga, na hapana anayemwamrisha ajenge nini. Huyu wetu amejenga gati na meli, na usiku mmoja akapanga taa nyingi juu ya maji. Nilipomwuliza ni nini akanishangaa: "Wavuvi wa omena, babu!" Kweli, ukisimama ufukoni mwa ziwa usiku usio na mwezi, taa za wavuvi wa omena huwa kama mji ulioelea.

Na watu wazima pia wameutumia. Mwaka 2012 UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, liliungana na Mojang katika mpango uitwao Block by Block. Miongoni mwa mahali pa kwanza palikuwa Kibera, kiwanja cha Silanga: wakazi wakaonesha kwa matofali haya namna wanavyokitaka kiwanja chao, badala ya kutandaziwa ramani wasizoweza kuzisoma.

Kwa hiyo kujenga si kosa. Wenye chuo wanaijua habari ya Bibi Aisha na wanasesere wake, na yule farasi aliyekuwa na mabawa ya matambara, na Mtume (S.A.W.) akacheka.

Sasa kisa. Akaunti ya mchezo ilifunguliwa na ami yake mtoto, kwa haraka, siku ya Idi. Palipotakiwa mwaka wa kuzaliwa akatia wake mwenyewe, kwani alipojaribu wa mtoto maswali yalikuwa mengi. Jambo dogo, utasema. Lakini kwa uongo ule mashine ikamhesabu mtoto wa miaka saba kuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, na kila komeo ambalo lingemfungia mtoto likawa wazi. Mwenziwe wa shule akamwonesha namna ya kuingia seva moja, nayo ni uwanja wa mbali ambako watu wasiojuana hucheza pamoja na kuandikiana. Huko akampata rafiki. Rafiki huyo akamsaidia kujenga, akampa zawadi za humo humo mchezoni, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne akamwuliza anakaa mji gani. Tena, mama yuko karibu? Tena, tuzungumze mahali pengine, nitumie picha.

Mtoto hakuona kitu. Alimwendea mamake jikoni, akamwuliza kwa moyo mweupe: "Mama, picha hutumwaje?"

Mpwa wangu alipofika hapo aliusukuma ungo kando. Ananiambia mikono ilimtetemeka hata akashindwa kuishika tabuleti. Jambo moja alilifanya vyema katika fadhaa ile: hakufuta. Aliyapiga picha maneno yote pamoja na jina alilolitumia mtu yule, akamzuia asiweze kuandika tena, kisha akapiga 116, nambari ya kuwasaidia watoto nchini Kenya, isiyotozwa senti. Baadaye akafanya ambalo mzazi yeyote angelifanya. Akaitia tabuleti kabatini, chini ya leso zake, akafunga kwa ufunguo.

Wiki mbili nyumba ikawa kimya. Akaona amesalimika. Jioni moja akamtuma mtoto maziwa, akakawia, akamfuata, akamkuta nyuma ya kibanda cha jirani, amebanana na kijana mkubwa, wanacheza mchezo ule ule kwenye simu ya yule kijana. Hapana mama, hapana komeo. "Mjomba," akaniambia, "nalijiona nimeziba dirisha, na mlango wa uani uko wazi."

Hapo ndipo nilipozikumbuka nyumba zetu. Mwenye kuijua nyumba ya mawe ya Lamu anajua kwamba haikujengwa kuwakimbia watu. Mbele pana daka lenye viti vya mawe, mgeni akaribishwe, aketi, anywe kahawa. Nyuma ya daka pana tekani, iliyopinda makusudi ili jicho la mpita njia lisifike uani. Kisha kiwanda, kisha misana, kisha ndani. Mgeni mwisho wake daka. Watoto hucheza kiwandani, chini ya mbingu ya Mungu, kelele zao zinasikika mpaka njiani, wala mpita njia hawaoni. Wazee hawakuwakataza watoto kucheza, wala hawakuuacha wazi mlango wa njiani. Mchezo huu nao una daka lake na kiwanda chake, ila fundi aliyeuleta nyumbani kwa mpwa wangu aliupachika bila mlango.

Mpwa wangu akaanza upya. Ile akaunti ya uongo ikafutwa. Akafungua yake mwenyewe kama mzazi, na chini yake ya mtoto, safari hii kwa mwaka wa kweli. Akaunti ya mtoto hufunga mambo mengi mpaka mzazi aruhusu: kuandikiana na watu, kuingia seva, kununua. Hilo la kununua tusilipuuze, maana mchezoni mna duka, na huko huuzwa sarafu za mchezo kwa fedha za kweli, na kidole cha mtoto hakijui bei. Kisha, wanapoanza ulimwengu mpya, huchagua hali iitwayo Creative, ambayo mjenzi hupewa kila kifaa bila kikomo wala hafi, na pia Peaceful, ili mazimwi ya usiku yasitokee. Kwani katika hali ile nyingine giza likiingia hutoka mizuka ya kumfukuza mtu, na mtoto mdogo huamka akilia. Na pale palipoandikwa Multiplayer huzima. Ulimwengu ukawa wa kwake peke yake, au yeye na mamake.

Wazungu wenyewe hawakukubaliana juu ya umri. Alama ya Ulaya inasema miaka 7, ya Marekani inasema 10. Mimi naona umri si neno kubwa kama kuketi karibu. Na zile nakala za bure zinazopitishwa kutoka simu hadi simu, ziepukeni. Hujui aliyezipika ametia nini.

Liko tatizo jingine, na hili sikuambiwa, nililiona mwenyewe. Katika mchezo huu ukijenga ukuta kisha ukaondoa msingi, ukuta hubaki unaning'inia hewani. Mchanga na changarawe huanguka, lakini jiwe halianguki. Nikamwambia mtoto, "Hii nyumba yako ingeua watu." Akacheka, hakuamini. Jengo lisilo na uzito humfunza mtoto umbo, halimfunzi jiwe.

Mafundi wa Pwani walifunzwa na vifaa vyao. Vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba kwa kuwa boriti ya mkoko haitoshi kuvuka nafasi pana. Na huku bara, kusini ya Ghuba ya Winam katika kaunti ya Migori, ipo Thimlich Ohinga, ngome ya mawe inayokadiriwa kujengwa karne ya 16, ambayo UNESCO iliitia katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta zake nyingine zina kimo cha zaidi ya mita 4, na hapana chokaa wala udongo ulioziunganisha. Jiwe limeshika jiwe, uso wa nje na uso wa ndani, na kati yake vijiwe vidogo vya kukaza. Mpwa wangu ameahidi kumpeleka mwanawe. Kwa sasa Jumamosi huenda naye Dunga, na huko, wavuvi wakishusha ngege na mbuta, mtoto hufinyanga nyumba za tope la ziwa. Huporomoka. Hujenga tena, akiongeza unene chini. Naliona furaha ya tope kuliko ya kioo, lakini mimi ni mzee, na yeye hakusema hivyo.

Ugomvi uliobaki ni wa saa, na dawa yake aliigundua mama mwenyewe. Ukimwambia mtoto "dakika arubaini," hajui arubaini ni nini. Ukimnyang'anya, atapiga kelele. Siku nzima ya mchezo, tangu jua kuchomoza hadi kuchomoza tena, ni dakika 20. Basi wameafikiana: siku mbili za huko, tena baada ya chuo, si kabla. Jua likichomoza mara ya tatu, hufunga. Mahali ni pale pale penye jamvi, si chumbani, na mlango uko wazi. Zile video za watu wakicheza, ambazo zingemla mchana kutwa, huzitazama mamake akiwapo. Na lipo agano la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa: mtu yeyote akiuliza jina, mji, au picha, mtoto atamwita mama, na mama hatamnyang'anya tabuleti kwa kuwa ameita. Aliapa hivyo mbele yangu. Nikamwambia ni ahadi ngumu, maana siku hiyo ikija mikono itatetemeka tena. Akasema anajua.

Nalikaa Kisumu siku nne. Jioni ya mwisho mihrabu ilikuwa imekwisha, na mbele ya msikiti palikuwa na jambo jipya, viti viwili vya mawe vinatazamana. "Hili daka lako, babu," akaniambia. Nikamwuliza mbona mlango wa nyuma yake haufunguki. "Unafunguka kwa ndani."

Jua la kwenye kioo lilikuwa limechomoza mara ya tatu. La nje, juu ya ziwa, lilikuwa limebaki shibiri moja. Akafunga, akanipa tabuleti niishike, akaenda kutafuta ndara zake.