Tume za Mishahara katika Utumishi wa Serikali za Afrika ya Mashariki

Neno mshahara limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni shahr, yaani mwezi. Maana yake ya kwanza ni malipo ya kila mwezi, wala hamna ndani yake habari ya rangi wala kabila la mlipwaji. Hata hivyo palikuwa na wakati katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja ambapo rangi ya mtumishi wa Serikali ndiyo iliyokata kiasi cha mshahara wake.

Katika miaka ya 1947 na 1948 tume ya Sir Maurice Holmes ilichunguza utumishi wa Serikali katika nchi hizo nne. Shauri lake lilikuwa kwamba mtumishi asiye Mzungu, ijapokuwa elimu na kazi yake ni sawa na ya Mzungu, alipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu. Penye shilingi 1,000 za huyu, yule alistahili 600. Tume ilidai kwamba Mwafrika mwenye elimu ile ile alikuwa bado nyuma katika busara, bidii na kuchukua madaraka. Dosari ya hoja hii ni dhahiri: bidii ni sifa ya mtu mmoja mmoja, na mkuu wake aweza kuipima kazini, lakini kanuni ilihukumu jamii nzima kabla mtu hajashika kalamu.

Tume ya pili, ya Sir David Lidbury, ilifanya kazi katika miaka ya 1953 na 1954. Hiyo ilishauri kanuni ya tatu katika tano iondolewe, iwepo ngazi moja ya mishahara kwa watumishi wote, na anayeletwa kutoka ng'ambo apewe nyongeza mbali ili avutike kuja. Hivyo malipo ya kazi yalitengwa na gharama ya kumpata mgeni, mambo mawili ambayo hapo kwanza yalikuwa yamechanganywa.

Walakini ngazi moja haikumaliza shida. Vidato vyake vya juu vilikuwa vimepandishwa kwa kipimo cha Mzungu, na Serikali huru zilivirithi: Tanganyika mwaka 1961, Uganda 1962, Unguja na Kenya 1963. Mwananchi aliyeshika cheo cha mkoloni alishika na mshahara wake, na umbali uliokuwa baina ya rangi na rangi ukawa baina ya afisa na mkulima alipaye kodi. Mwezi wa Oktoba 1966 Rais Nyerere alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mishahara ya wakubwa wengine wa Serikali ikapunguzwa pia.

Basi tume yaweza kusawazisha watumishi wao kwa wao, na bado ikaacha bila jibu swali la usawa wao na wale wanaowatumikia.