Bundi Akikaa Darini

Hakuna ndege aogopwaye nyumbani kama bundi. Shomoro akiingia sebuleni, watoto hushangilia. Bundi akilia juu ya bati, wazee hunyamaza, na kulipokucha hutafutwa kijana wa kupanda na fimbo. Ndivyo ilivyokuwa katika safu ya nyumba zetu hapa Uganda. Mama mmoja, ambaye mumewe alikuwa kazini mpakani, alisikia mkoromo darini kwa siku tatu mfululizo, akaamini kwamba habari mbaya inamjia. Majirani wakataka ndege auawe kabla jua halijatua.

Mzee mmoja, askari mstaafu, aliwaomba kwanza watazame chini ya tundu la paa. Palikuwa na madonge meusi, unene wake kama kidole gumba. Alivunja moja kwa kijiti: manyoya, taya na fuvu la panya. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika mifupa na manyoya. Na mkoromo ule haukuwa uchawi. Ni makinda waliokuwa wakidai chakula. Bundi huyu, mwenye uso mweupe ulio mfano wa moyo, hajengi kiota. Hutaga darini au katika shimo la mti, huatamia kama mwezi mmoja, na makinda huanza kuruka wakiwa na umri wa miezi miwili hivi. Mama yule, aliyekuwa na magunia mawili ya mahindi chumbani, akasema abaki. (Mumewe, nitaje kwa faida ya wenye wasiwasi, alirudi likizo akiwa mzima.)

Asiyemtaka mgeni huyu na angoje makinda waondoke, kisha azibe tundu kwa wavu wa waya usiku, bundi akiwa mawindoni.

Ndege mdogo aliyepotea chumbani asikimbizwe kwa ufagio, maana hujigonga kiooni akidhani ni uwazi. Zima taa, funga mapazia, acha dirisha moja wazi, nanyi mtoke.

Kinyesi chake kisifagiliwe kikavu: kilowesheni maji, jifungeni kitambaa puani, kisha mnawe kwa sabuni. Mnamo Januari 2017 homa ya mafua ya ndege ilithibitishwa nchini kwa ndege wa porini waliokufa kando ya Ziwa Victoria, karibu na Entebbe. Kwa hiyo ndege aliyekutwa amekufa asishikwe kwa mkono mtupu, wala watoto wasimchezee. Aarifiwe daktari wa mifugo.