Mwenye poti kifuani asingoje kufika Kampala

KAMPALA. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1967, imezoea kupokea wagonjwa kutoka nchi jirani. Baadhi ya wenye saratani ya damu katika ukanda huu, wakiwemo wanaotibiwa India, hurudi nyumbani wakiwa na poti: kikopo kidogo kilichowekwa chini ya ngozi ya kifua, chenye mrija unaoingia katika mshipa mkubwa karibu na moyo.

Poti huinusuru mishipa ya mkono, ambayo dawa kali za saratani huiharibu. Mfanyabiashara huweza kurejea dukani kati ya awamu moja ya dawa na nyingine. Lakini kifaa hicho kina hatari zake, na umbali na hospitali huzizidisha.

Ya kwanza ni maambukizi. Saratani ya damu na dawa zake hudhoofisha kinga ya mwili, hivyo vijidudu vikiingia kwenye poti husambaa haraka katika damu. Dalili huweza kuwa homa tu, bila uvimbe wala usaha. Kununua dawa ya malaria na kuendelea na safari ni hatari. Malaria ipimwe, lakini joto likifika nyuzi 38, au mgonjwa akitetemeka baada ya poti kutumika, aende hospitali iliyo karibu, upande wowote wa mpaka. Antibayotiki zinatakiwa ndani ya saa moja. Haziwezi kungoja basi la usiku.

Ya pili ni damu kuganda. Mkono, shingo au uso ukivimba, mgonjwa amwone daktari siku hiyohiyo.

Ya tatu ni kuziba. Poti isiyotumika husafishwa kwa maji maalumu ya chumvi kila wiki nne hivi. Baadhi ya hospitali huruhusu hadi miezi mitatu. Safari ya mzigo ipangwe kwa kufuata tarehe hiyo.

Kazi hiyo si ya zahanati yoyote tu. Poti ina sindano yake maalumu, na bomba la sindano liwe la mililita 10 au zaidi, kwani dogo huweza kupasua mrija. Dawa ikichoma inapoingia, isimamishwe papo hapo.

Anayevuka Mutukula, Katuna, Mpondwe au Elegu aweke kadi ya poti, barua ya daktari na namba ya simu ya wodi pamoja na pasi yake. Muuguzi asiyemfahamu ataanzia hapo.