Mbwa Anajuaje Kwamba Mtoto Mwenye Usonji Amezidiwa?

Mtoto mwenye usonji akizidiwa, mara nyingi hasemi. Ngoma za harusi, taa kali au safari iliyoahirishwa ghafla humchosha pole pole, na wazazi hushtuka pale tu anapoziba masikio, kujitupa chini au kutoka mbio. Dima wa Tayyin, huku Oman, ambako vijiji vimekaa kandokando ya mabonde ya milima ya Hajar, mtoto anayetoka mbio anaweza kuishia wadini au barabarani. Kwa hiyo mbwa msaidizi ni jambo la kuzungumzwa kwa makini hata huku Sharqiyah, tuliko wengi tuliolelewa kumweka mbwa mbali na nyumba.

Tuanze na pua. Binadamu ana seli za kunusia zipatazo milioni 5. Mbwa ana zaidi ya milioni 200. Mtu akiingiwa na wasiwasi, moyo huenda mbio, na harufu ya pumzi na jasho lake hubadilika. Mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, waliwapa watu 36 hesabu ngumu za kichwa, wakachukua pumzi na jasho lao kabla na baada ya jaribio. Mbwa wanne waliofunzwa walitakiwa kuchagua sampuli ya mtu aliyekuwa na msongo, bila kumwona wala kumsikia. Walipatia kwa asilimia 93.75.

Macho na masikio nayo yana kazi. Mwaka 2015, watafiti wa Vienna walionyesha kwamba mbwa hutofautisha picha ya uso wenye furaha na wenye hasira, hata akionyeshwa nusu tu ya uso. Huko London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, mbwa 15 kati ya 18 walimsogelea mtu aliyejifanya kulia, awe mwenye mbwa au mgeni. Hilo halithibitishi kwamba mbwa anatuonea huruma kama tunavyooneana sisi. Linathibitisha kwamba anatambua mabadiliko na kuyafuata.

Kinachobaki ni mafunzo. Tangu miaka ya 1990, wakufunzi nchini Kanada wamekuwa wakiandaa mbwa maalumu kwa watoto wenye usonji. Mtoto akianza kutikisika au kujipiga, mbwa hulala juu ya mapaja yake, na uzito ule humtuliza. Njiani, mkanda wa mtoto hufungwa kwenye vazi la mbwa. Mtoto akitaka kukimbia, mbwa husimama imara, na mzazi anayeshika kamba hupata nafasi ya kumzuia.

Mwaka 2010, watafiti wa Montreal walichapisha vipimo vya kotisoli, homoni ya msongo, kutoka kwenye mate ya watoto 42 wenye usonji. Kotisoli hupanda kila mtu anapoamka. Kabla mbwa hajaletwa nyumbani, ilipanda kwa asilimia 58. Mbwa alipokuwapo, kwa asilimia 10. Alipoondolewa kwa muda, ikarudi kupanda kwa asilimia 48. Huenda sababu moja ni hii: mbwa hamlazimishi mtoto kuzungumza, na matendo yake ni yale yale kila siku.

Najua swali linalofuata ni la twahara. Kurani yenyewe inaruhusu kula kilichowindwa na wanyama waliofunzwa, katika Sura Al-Maida, na inamtaja mbwa wa Watu wa Pango katika Sura Al-Kahf. Mwaka 2008, baraza la sharia la Waislamu wa Uingereza liliruhusu mbwa wa kijana asiyeona kuingia katika jengo la msikiti mmoja wa Leicester, akatengewa mahali pa kukaa kijana anaposwali. Hukumu ya nyumba yako, mate na mahali pa kulala mbwa, muulize shehe unayemwamini kabla hujaamua.

Pia tusidanganyane. Mbwa si dawa ya usonji. Wapo watoto ambao mbweko mmoja unawaumiza masikio, na wapo wanaomwogopa mbwa kabisa. Mbwa wa kuokota mtaani hafai kazi hii: msaidizi huchaguliwa kwa tabia, hufunzwa kwa muda mrefu na huchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Katika jua la kiangazi chetu, lami na mawe huunguza nyayo zake, kwa hiyo matembezi yawe alfajiri au usiku.

Utafiti wa kwanza wa Oman, uliochapishwa mwaka 2011, ulipata watoto 1.4 wenye usonji katika kila 10,000. Ule wa mwaka 2019 ulipata 20.35. Watoto hawa ni wengi majumbani mwetu kuliko tulivyodhani, na wengi hawatapata mbwa kamwe. Lakini anachokinusa mbwa, mzazi anaweza kukiona akijizoeza: pumzi zinazokazana, vidole vinavyokunjwa, mtoto anayeanza kutafuta kona. Zifahamu dalili za mwanao, waelezee bibi, mjomba na mwalimu wake, mwondoe kwenye kelele mapema, na usimdai maneno wakati huo. Na kama bado hajapimwa, mpeleke hospitali ya Ibra mwezi huu, usingoje afikie umri wa shule.